Baba Alisubiri Darasa Linyamaze

Biriani ndiyo iliyonifikisha mbele ya darasa lile. Mwaka ule, katikati ya miaka ya tisini, shangazi yangu anayekaa Stratford alikula Idi siku moja kabla yetu. Yeye na mumewe walifuata tangazo la Makka. Baba, ambaye hakubali mwezi wa kutangaziwa, alisema jioni ile mwezi ulikuwa bado mchanga mno, hakuna jicho la binadamu lililoweza kuuona, si Makka, si Unguja, wala juu ya paa la nyumba yetu, akatwambia tufunge. Basi siku ya pili mchana, sisi tumo ndani ya saumu ya thelathini, mlango wetu wa Kingsbury ukagongwa. Alikuwa mume wa shangazi, amevuka London nzima kwa treni na sufuria ya biriani iliyofungwa kwa taulo. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka juu ya friji, na nyumba ikanukia zafarani mpaka magharibi.

Nilikihadithia kisa hiki ofisini, jikoni, tukingoja birika lichemke. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu kiangazi kilichopita, shahada ya historia, na nilipata kazi ya muda ya kupokea simu kwa wachapishaji wadogo wa vitabu vya skuli. Sikuwa mtu wa kuhadithia. Kila nilichotaka kukisema pale ofisini nilikipima kwanza, na nilipomaliza kukipima mazungumzo yalikuwa yameshahamia kwengine. Lakini siku ile mwenzangu mmoja aliniuliza kwa nini nimechoka hivyo, na kisa kikatoka chenyewe, pamoja na sufuria na taulo.

Mwenzangu huyo alikuwa mwanamke wa Kiyahudi, amenizidi miaka michache, mwenye sauti ya kusikika mpaka ngazini. Alicheka akaegemea friji.

"Sisi mpaka leo tunakula sikukuu siku mbili," akasema, "kwa sababu zamani mjumbe aliyeleta habari ya mwezi kutoka Jerusalemu alikuwa hafiki kwa wakati. Binamu zangu walioko Jerusalemu wanakula siku moja tu. Mama yangu hupika mara mbili, na kila mwaka humlaani yule mjumbe."

Kisha, kabla maji hayajachemka, akaniambia nije nilisomeshe hilo.

Alikuwa katika kamati ya tamasha la masomo la jumuiya yao. Ilikuwa ni Jumapili nzima ndani ya skuli moja ya kaskazini-magharibi ya London, madarasa mengi kwa wakati mmoja, asubuhi mpaka jioni, na watu wanaingia wanakotaka kujifunza chochote kinachogusa maisha ya Kiyahudi. Hakuna aliyelipwa. Anayesomesha saa nne, saa tano humkuta mlangoni akigawa ratiba, na mchana yuko jikoni anaosha vikombe.

"Mimi si Myahudi," nikasema.

"Najua. Juzi ulikuwa unafunga."

"Na si mtaalamu."

"Hatuna wataalamu. Ratiba yetu haina profesa, haina daktari, hata rabi humo haandikwi rabi. Ni majina tu. Kila mtu anasomesha na kila mtu anasoma."

Nilisema nitafikiri. Ni jambo ninalolijua sana. Nilifikiri wiki mbili. Nilifikiri juu ya mwanamume atakayeninyooshea mkono, na juu ya mwengine ambaye mimi nitamnyooshea mkono naye asiutake. Nilifikiri juu ya mtandio wangu, wa rangi au mweusi. Nilifikiri watu wa msikitini watasemaje wakisikia, na nikafikiri watu wa tamasha watasemaje wakijua kwamba nimewafikiria watu wa msikitini. Mwishowe nikaona njia rahisi ni kumwambia baba. Baba atakataa, nami nitakwenda ofisini niseme, samahani, baba amekataa.

Baba aliweka gazeti chini.

"Wanataka kujua mwezi unaandamaje?"

"Wanataka kujua kwa nini tunagombana, baba."

"Tunagombana kwa sababu watu hawajui mwezi unaandamaje." Akavua miwani. "Waambie wanipe nusu ya saa."

Lazima niseme baba yangu alikuwa nani kabla hajawa karani hapa London. Alisomesha jiografia katika skuli moja ya Unguja mjini. Aliondoka huko mwishoni mwa miaka ya sitini, kwa sababu ambazo watu wa nyumba kama yetu hawaulizani, akafika London na vyeti vyake vya ualimu ndani ya bahasha ya kaki. Vyeti vile havikukubaliwa. Aliambiwa asome upya, na alikusudia kusoma upya, ila kwanza alizaliwa kaka yangu, kisha mimi. Akaingia katika ofisi ya nyumba za halmashauri, akakaa humo mpaka akastaafu, akiwapangia watu foleni ya kupata nyumba. Katika miaka yote hiyo hakusimama mbele ya darasa hata siku moja. Lakini kwenye harusi za Wazanzibari, akiingia ukumbini, wanaume wenye mvi walikuwa wakinyanyuka vitini. Kila mtu alimwita Mwalimu. Hata mama.

Kitu kimoja waliosoma kwake hawakuacha kukisimulia: hakupata kupiga kelele darasani. Hakugonga meza, hakupiga makofi, hakusema nyamazeni. Aliingia, akasimama, akangoja. Wanafunzi wakisema, alingoja. Siku moja, wanasema, alingoja mpaka kengele ya kutoka ikalia, akachukua chaki zake akaondoka bila ya kufungua mdomo, na tangu siku hiyo darasa lile lilikuwa likinyamaza likisikia viatu vyake tu. Baba akisikia kisa hiki alitabasamu kidogo. "Kusomesha ni hapo," alikuwa akisema. "Pale wanaponyamaza wenyewe. Baada ya hapo hata mtoto anaweza kusomesha."

Kwa hiyo tukaandikwa wawili kwenye ratiba, baba na binti. Tukapangana hivi: mimi nitaanza na kisa cha biriani na simu zinazopigwa kila mwisho wa Ramadhani kuulizana Idi ni lini, nitawapa ukurasa wa kusoma, kisha baba atachukua nusu ya pili kuonesha mwezi wenyewe. Alikuwa na njia yake ya tangu zamani. Chungwa lilikuwa dunia, mpira mdogo mweupe wa mezani ulikuwa mwezi, na tochi ilikuwa jua.

Tulifanya mazoezi jikoni, pazia limeshushwa. Mama alipewa tochi.

"Mimi ndo jua?" akauliza. "Leo Mwalimu umenipandisha cheo."

"Jua halisemi," baba akamwambia.

"Jua la London ndo halisemi. La kwetu lilikuwa linasema."

"Mama watoto, nyanyua mkono. Jua liko chini mno, limekaa kama linatafuta kijiko."

Mama akanyanyua, akacheka, mwanga ukatetemeka juu ya kabati. Baba alizungusha mpira ule mweupe kuzunguka chungwa, polepole, na kwenye ukingo wake nikauona mwezi mwandamo, mwembamba kama ukucha. Nilikuwa nimeuona mara nyingi utotoni, kwenye meza ile ile. Lakini sikuwahi kumwona baba akiwaonesha watu wasiokuwa sisi, na nilipomtazama usoni nikafahamu kwamba hili halikuwa jambo dogo kwake. Alibadilisha maneno yake ya Kiingereza mara nyingi. Alikwenda dukani Kingsbury Road kuchagua machungwa, akayarudisha mawili kwa kuwa hayakuwa na duara nzuri, mpaka mwenye duka akamuuliza kama anakwenda kuyala au kuyaposa.

Mimi niliogopa mambo mengine. Niliogopa kwamba nitasahau, kwamba watakuja watu watatu, kwamba wawili kati yao watatoka. Mwenzangu wa ofisini alikuwa ameshanionya kwamba kwenye tamasha lao mtu akiona darasa halimfai hunyanyuka akenda jengine, na si utovu wa adabu. Nililala na jambo hilo siku nyingi. Alinieleza pia kuhusu ukurasa. Kwao huwezi kuwaita watu ukawahutubia tu. Lazima wawe na maandishi mkononi, wakae wawili wawili, wayasome pamoja. Alinitafutia maelezo kutoka katika mafundisho yao ya kale, ya jinsi mashahidi wa mwezi walivyokuwa wakihojiwa mmoja mmoja: uliuona upande gani, ulikuwa juu kiasi gani, ulielekea wapi. Chini yake mimi nikaandika masharti ya shahidi wa mwezi kama baba alivyonitajia. "Wape, waambie wakae wawili wawili, kisha uendelee," akasema. Nikaandika hivyo hivyo.

Jumapili yenyewe ilikuwa ya baridi kavu. Baba alivaa suti ya kijivu na kofia ya vito, ile ya kushonwa kwa mkono, mimi nikavaa mtandio wa buluu baada ya kuvaa mweusi na kuuvua. Getini kwenye skuli kulikuwa na watu wa kujitolea wanaopekua mifuko. Aliyetupokea alikuwa bwana wa makamo mwenye fulana ya tamasha juu ya sweta. Aliomba radhi kabla hajauliza.

"Mna nini humo ndani, bwana?"

"Dunia, mwezi na jua," baba akasema, uso wake umetulia.

Yule bwana akachungulia, akaona machungwa, mpira na tochi. "Karibuni," akasema. "Jua tu msilisahau likiwaka."

Ndani mulikuwa na kelele. Kila korido ilikuwa na watu wanaokwenda mbio na vikombe vya karatasi, watoto, wazee wenye mikongojo, watu wamesimama mlangoni mwa madarasa wakibishana kama waingie au wasiingie. Tukapewa beji. Baba akaisoma yake, akaigeuza upande wa pili.

"Hawakuandika Mwalimu."

"Hawamwandikii mtu chochote, baba. Hata rabi."

"Hata rabi?"

"Hata rabi."

"Basi sawa," akasema, akaibandika beji ndani ya koti, upande wa bitana.

Watu walikuja. Chumba kilijaa mpaka wengine wakakaa juu ya meza za nyuma. Nilisimama, nikaanza na biriani, nao wakacheka pale hasa nilipotaraji wacheke, na hata pale ambapo sikutaraji. Bibi mmoja mbele aliniuliza sufuria ilikuwa kubwa kiasi gani. Baba alikaa kiti cha pembeni karibu na ubao, mfuko wake juu ya mapaja, akisikiliza kama mkaguzi wa skuli. Nikafikiri, linakwenda vizuri. Nikawagawia ukurasa, nikawaambia wakae wawili wawili.

Nilikuwa nimetaraji mnong'ono. Nilikuwa nimesoma Kurani kwa mwalimu, nikasoma skuli ya Kiingereza, nikasoma chuo kikuu, na kote huko mtu akipewa maandishi huinamisha kichwa. Watu wale walivuta viti vyao kwa kishindo, wakaelekeana, na mara chumba kizima kikalipuka. Kila wawili walikuwa wakisema kwa wakati mmoja. Walionesheana vidole kwenye karatasi. Mzee mmoja wa mbele aliupiga ukurasa kwa mgongo wa mkono kana kwamba umemtukana, na mwenzake, mwanamke kijana mwenye nywele fupi, akampigia kelele kwamba hajausoma mstari wa chini. Wengine walicheka. Wengine wawili walinyanyuka wakenda kubishana na wawili wa pembe nyengine. Nilisikia neno mwezi, nikasikia neno shahidi, kisha yote yakachanganyika.

Wakati wa baba ukafika. Alinyanyuka, akatoa chungwa kwenye mfuko, akasimama mbele ya ubao, chungwa katika mkono wa kulia na mpira mweupe katika wa kushoto. Akangoja.

Walimwona. Hilo nina hakika nalo, kwa sababu wachache walimtazama na kumwinamishia kichwa kwa heshima, halafu wakarudi kwenye ukurasa. Mzee yule wa mbele alimtabasamia, akamnyanyulia kidole kama anayesema, kidogo tu, nimkamate huyu kwanza. Baba naye alingoja. Mimi nilikuwa kando yake na tochi mkononi. Nilijua kwamba nikipiga makofi watanyamaza. Nilijua pia kwamba nikipiga makofi nitakuwa nimemnyamazishia baba darasa lake, mbele ya macho yake, baba ambaye hakuwahi kunyamazishiwa darasa na mtu. Nikalipima hilo, nikalipindua. Nikamtazama anitupie jicho. Hakunitupia.

Akanambia kwa Kiswahili, midomo yake haikutikisika sana, "Hawa wananidharau au hawajui?"

"Nadhani wanazungumza habari za mwezi, baba."

"Mwezi nnao mimi," akasema.

Sijui tulisimama muda gani. Mkono wake wenye chungwa haukushuka. Suti ile ya kijivu, bega lake lililonyooka, kidevu kimenyanyuka kidogo: nilikuwa namwona Mwalimu ambaye nilimsikia tu kwenye harusi, na mbele yake watu wazima wakibishana bila ya kusita, na kadiri alivyongoja ndivyo walivyoona kwamba wameruhusiwa kuendelea. Kisha mlango ukafunguliwa, mwanamke mwenye fulana ya tamasha akanyanyua kijikaratasi cha kutujuulisha kwamba muda unakaribia kwisha. Baba alimwona. Akainama, akalirudisha chungwa mfukoni, kisha mpira, akakaa.

Na hapo wakanyamaza. Pengine waliona kijikaratasi, pengine mabishano yalifika mwisho wake. Walikigeuza kila kiti kumwelekea baba, nyuso zao zimechangamka, kimya kabisa. Ulikuwa ukimya ule ule aliokuwa akiusimulia. Nikamtazama. Nilidhani atanyanyuka, zilikuwapo dakika chache bado.

Baba akasema kwa Kiingereza chake safi, akiwa amekaa vile vile, "Ahsanteni sana. Binti yangu ameshawaeleza yote."

Mzee wa mbele akauliza, "Na lile chungwa?"

"Hili ni la kula," baba akamjibu.

Walicheka kwa furaha, wakapiga makofi. Walidhani ni mzaha wake. Baba naye akatabasamu, akawainamishia kichwa, kama mtu aliyekusudia mzaha.

Waliokuja kumpa mkono baada ya hapo walikuwa wengi. Mzee yule alimwambia kwamba miaka mingi hajabishana vizuri namna ile, na kwamba anaondoka hajakubali hata neno moja la mwenzake. Baba alimshukuru. Nilipokutana na mwenzangu wa ofisini koridoni alinikumbatia, akasema chumba chetu kilisikika mpaka ghorofa ya chini na watu walikuwa wakiuliza mule kuna nini.

"Walikataa kunyamaza," nikamwambia.

"Ndiyo. Wamependa mno." Akanitazama. "Ungewaachia ukurasa wakanyamaza, hapo ningekuhurumia. Darasa likinyamaza kwetu ujue watu wanatafuta mlango."

Alisema vile huku akimwita mtu mwengine, na kwake lilikuwa jambo dogo tu, kama kumwambia mgeni choo kiko wapi. Mimi nilibaki nimesimama pale korido inanipita. Alinieleza habari za kofia, za chakula, za mikono ya kupeana na isiyopeanwa, kwa sababu nilimuuliza yote hayo. Hilo sikumuuliza. Nani angefikiri kuuliza kelele zina maana gani?

Kwenye basi la kurudi nilimweleza baba. Nilimweleza yote, kwa haraka, kwamba kelele zile zilikuwa heshima yao, kwamba ndivyo wanavyosoma tangu wadogo, kwamba walimwona anangoja wakadhani anawapa nafasi. Baba alikuwa amekaa upande wa dirisha, anasikiliza.

"Kwa hiyo nilikuwa nawapa nafasi," akasema.

"Ndivyo walivyoona."

"Mimi sikuwapa nafasi. Nilikuwa nawangoja."

Baadaye akasema, "Skuli yao nzuri. Mtu mzima anagombania mstari mmoja wa kitabu Jumapili asubuhi, nani kwetu anafanya?" Aliyasema hayo kwa ukweli kabisa, na hilo ndilo lililoniumiza. Ningependa angekasirika.

Nyumbani mama alimuuliza jua lilikuwaje. "Halikuwaka," baba akasema. Mama akanitazama mimi, nikatikisa kichwa, naye akaupokea mfuko. Machungwa yaliwekwa kwenye bakuli la matunda tukayala, kila mmoja kwa wakati wake.

Mwaka uliofuata kamati iliniuliza kama baba atakuja peke yake, apewe saa nzima. Mwenzangu alikuwa amewahadithia, na kila mtu alitaka kujua chungwa lile lilikuwa la nini hasa. Nilikwenda kwa baba na habari hiyo nimejawa na matumaini. Nilikuwa nimepanga kila kitu. Nilisema nitazungumza na watu kabla hajaingia, nitawaeleza kwamba mwalimu huyu anasomesha kwa ukimya, sitawapa ukurasa wowote, na wakianza mimi nitawaambia.

"Utawaambia nini?"

"Wanyamaze."

Akatikisa kichwa. Lakini nikaona kwamba analitamani, mikono yake ilikuwa imeshaanza kujipanga juu ya magoti, mmoja dunia na mmoja mwezi.

"Wakinyamaza kwa kuambiwa," akasema, "mimi nitajua."

"Hawatakuwa wamekuvunjia heshima, baba. Ni watu wazuri."

"Ndiyo maana. Wao hawana kosa, nami sina kosa. Sasa nani abadilike? Mimi nilisomesha kwa namna hiyo moja tu, mwanangu, sikujifunza nyengine. Wao wanasoma kwa namna yao. Waambie nashukuru."

Niliwaambia anashukuru. Waliuliza tena mwaka mwengine, kisha kamati ikabadilika, wakaja vijana wengine wasioijua habari ya chungwa, na hakuna aliyeuliza tena. Hakukuwa na mahali pengine pa kusomesha. Hakuna skuli ya Kiingereza iliyomwita karani mstaafu aje aoneshe mwezi, na watu wetu wenyewe kila mwisho wa Ramadhani walipiga simu kumuuliza jibu tu, kesho ni Idi au si Idi, wakakata kabla hajafika kwenye sababu. Baba sasa amezeeka. Sauti yake, ambayo haikuwahi kulazimika kupanda, siku hizi husikika kwa shida hata mezani. Nimekaa nikifikiri mara nyingi ni lini hasa ilikuwa bado inawezekana kuliokoa darasa lake. Nilipogawa ukurasa? Alipouliza kama wanamdharau? Labda ningemwambia palepale, baba, anza tu, sema juu ya sauti zao, wataungana nawe. Asingeanza. Najua asingeanza, na kujua hivyo hakunisaidii kitu.

Mimi niliendelea kwenda. Mwanzo nilikwenda kwa kumwonea haya mwenzangu, kisha nikawa napenda. Nimeosha vikombe vyao, nimesimama getini kwenye baridi na fulana juu ya koti. Nimejifunza kukaa wawili wawili, na kumkatiza mtu niliyekutana naye dakika hiyo hiyo bila ya kulipima neno langu kwanza. Sikujua kwamba naweza.

Majira ya baridi yaliyopita niliingia darasa moja juu ya mambo ya mirathi, nikakaa na mwanamke ambaye aliniambia yeye ni mwanasheria na kwamba nimeuelewa ukurasa vibaya. Nikamwambia yeye ndiye aliyeuelewa vibaya. Tuliendelea hivyo, sauti zetu zimepanda, nami nilikuwa karibu kabisa kumshinda, hoja iko kwenye ncha ya ulimi. Nikanyanyua macho, nikamwona mwenye darasa, mzee mwembamba, amesimama mbele na karatasi zake, anatungoja.

Nikanyamaza katikati ya sentensi.

"Umekubali?" mwanasheria akauliza.

"Hapana. Anatungoja yule."

Akageuka akamtazama, asielewe nina maana gani. Chumba kizima kilikuwa bado kinabishana. Mzee aliona kwamba namtazama, akanipungia mkono kwa furaha niendelee, kana kwamba ana siku nzima. Nikamgeukia mwanasheria nijibu, na hoja ikawa imenitoka kichwani.